Kompyuta ya Ofisi, Bisibisi ya Nyumbani: Kipi Kitengenezwe, Kipi Kiachwe

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, swali la zamani limepata uzito mpya: kompyuta mpakato ya miaka saba au minane, iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika, inastahili kutiwa fedha tena au ndiyo basi? Kwetu Afrika Mashariki swali hili huziangukia hasa mashine zilizoundwa kwa ajili ya ofisi: ThinkPad za Lenovo, Latitude za Dell na EliteBook za HP. Huanza maisha kwenye kampuni na taasisi za Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba, hutumika miaka mitatu hadi mitano, kisha hukusanywa, husafishwa na kuuzwa kwa jumla. Baadaye unazikuta zimepangwa Kariakoo au Luthuli Avenue, Nairobi, zikimsubiri mwanafunzi wa chuo, mhasibu wa duka la dawa, mwalimu au mpiga picha za harusi.

Majibu yanayotolewa ni mawili. Fundi husema weka SSD na RAM, mashine itakuwa mpya. Muuza duka husema achana nayo, chukua nyingine. Kila mmoja ana ukweli wake, na kila mmoja ana bidhaa yake ya kuuza. Ukiyapima majibu yote mawili kwa yale yaliyomo ndani ya mashine zenyewe, unagundua kwamba sehemu kubwa ya uamuzi hufanyika mapema zaidi: siku ya kununua. Bisibisi ya nyumbani inaweza kufanya mengi, lakini hufanya yale tu ambayo modeli uliyoichagua inayaruhusu.

Kwa nini mashine za ofisi hufunguka

Kampuni inayonunua kompyuta elfu kadhaa kwa mkupuo haiulizi sana rangi wala wembamba. Inauliza: ikiharibika kibodi leo asubuhi, mfanyakazi wangu atarudi kazini saa ngapi? Ndiyo maana watengenezaji huziuza mashine hizi pamoja na mkataba wa huduma ambapo fundi huja hadi mezani kwa mfanyakazi akiwa na kipuri mkononi. Kila dakika anayoitumia fundi huyo ni gharama ya mtengenezaji. Mashine inayofunguka kwa skrubu sita ilitokana na hesabu hiyo ya biashara, na mmiliki wa pili anairithi faida yake bila kuwa amelipia mkataba.

Urithi huo una sehemu mbili. Ya kwanza ni vitabu vya ufundi. Lenovo, Dell na HP zote huweka kwenye tovuti zao, bure, mwongozo wa kufungua kila modeli ya ofisi: skrubu ipi inatoka wapi, ina urefu gani, kipi kitolewe kabla ya kipi. Ya pili ni namba za vipuri. Kwenye ThinkPad kila kipuri kina namba ya FRU iliyobandikwa juu yake. Dell hutumia namba ya huduma iliyo chini ya mashine, ambayo ukiiandika kwenye tovuti yao hukuletea orodha ya vitu vilivyokuwemo siku mashine ilipotoka kiwandani. Kwa mtu aliye Songea au Kisumu anayeagiza betri kutoka mbali, namba hizo zina thamani kuliko maelezo yoyote ya mdomo.

Tuchukue ThinkPad T480, iliyotoka mwaka 2018, ambayo bado ni kipenzi cha wanaojitengenezea. Kabla ya kuigusa, unaiwasha huku ukibonyeza F1, unaingia BIOS, unakwenda Config, kisha Power, na kuchagua kuizima betri ya ndani. Mashine inajizima na haitawaka tena mpaka uichomekee chaja. Unaigeuza, unasukuma vifungo viwili na betri ya nje inatoka. Unalegeza skrubu sita, ambazo hazidondoki kwa sababu zimeshikiliwa na mfuniko wenyewe. Unapitisha kadi ya plastiki ukingoni, mfuniko unaachia kwa milio midogo, na vyote viko mbele yako: nafasi mbili za RAM, kasha la diski, feni na bomba lake la shaba, betri ndogo ya ndani, kadi ya Wi-Fi. Mtu mwenye mikono mitulivu na meza yenye mwanga hahitaji fundi kufika hapo.

Kilicholehemewa hakibadilishwi

Si kila mashine ya ofisi iko hivyo. T490, iliyoirithi T480 mwaka 2019, ina RAM moja iliyolehemewa kwenye bodi na nafasi moja tu ya kuongeza. X1 Carbon, ambayo ni nyembamba na inapendeza zaidi, RAM yake yote imelehemewa: ukiinunua na GB 8, utakufa nayo na GB 8. Sababu ni wembamba na umeme. RAM za aina ya LPDDR hula umeme kidogo, lakini hutaka kukaa karibu sana na prosesa, na nafasi ya kuchomeka huongeza unene na umbali. Kampuni iliyonunua mashine ikiwa mpya haikupata hasara, kwa sababu iliagiza RAM iliyoitaka tangu kiwandani. Hasara humfikia mmiliki wa pili.

Kwa hiyo mashine mpya zaidi kwa mwaka mmoja inaweza kuwa mbaya zaidi kwa anayetaka kuiboresha. EliteBook 840 G5 na Latitude 7490, zote za mwaka 2018, zina nafasi mbili za RAM kama T480. Ndugu zao nyembamba za miaka iliyofuata nyingi hazina. Prosesa nayo, katika kompyuta mpakato za kawaida za kizazi hiki, imelehemewa kwenye bodi. Hiyo huwezi kuibadilisha nyumbani kabisa.

Hapo ndipo mazungumzo ya dukani yanapokuwa na uzito. Muuzaji husema, "Mkuu, hii ni i5, ina nguvu." Mnunuzi anayejua huuliza, "i5 ya kizazi gani, kaka?" Jibu liko kwenye namba. T480, Latitude 7490 na EliteBook 840 G5 ziliuzwa na prosesa za kizazi cha 8, lakini pia zipo zilizotoka na kizazi cha 7. Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Ndani, i5-7300U ina viini viwili na haimo kwenye orodha ya Windows 11. I5-8350U ina viini vinne na imo. Bei dukani huweza kuwa moja. Kwa modeli hizi, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayoamua kama mashine ina miaka mingine mbele au imefika mwisho wa njia ya Windows.

Upepo umeanza kugeuka. Mwaka 2024 Lenovo ilirudisha nafasi mbili za RAM kwenye T14 kizazi cha 5, iliyosanifiwa kwa kushirikiana na iFixit, kampuni ya miongozo ya ufundi, na iFixit ikaipa alama 9 kati ya 10 kwa urahisi wa kutengenezeka. Mwishoni mwa 2023 taasisi ya viwango vya RAM, JEDEC, ilipitisha CAMM2, muundo unaowezesha hata LPDDR kufungwa kwa skrubu badala ya kulehemewa. Na sheria ya betri ya Umoja wa Ulaya inataka kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vya kubebeka ziweze kutolewa na kubadilishwa na mtumiaji mwenyewe. Lakini mashine hizo zitafika kwenye masoko yetu ya mtumba baada ya kumaliza zamu yao huko ughaibuni. Anayenunua sasa bado anachagua kati ya mashine za kipindi cha kulehemu, na hana budi kusoma namba.

Kufuli zisizofunguliwa na bisibisi

Kuna kasoro ambayo haionekani mashine ikiwa inawaka vizuri mezani: bado ni mali ya mtu mwingine kwenye mfumo. Ziko za aina tatu.

Ya kwanza ni nywila ya msimamizi kwenye BIOS. Ikiwepo, huwezi kubadilisha mpangilio wa kuwasha wala kuizima betri ya ndani kwa njia tuliyoieleza. Kwenye ThinkPad, mwongozo rasmi unasema nywila hiyo ikisahaulika dawa ni kubadilisha bodi kuu, na bei ya bodi huweza kukaribia bei ya mashine. Wapo mafundi wanaoandika upya chipu ya BIOS kwa kifaa maalumu, lakini hiyo si kazi ya nyumbani.

Ya pili ni Absolute, zamani ikiitwa Computrace, programu ya kufuatilia mashine iliyopachikwa kwenye BIOS yenyewe. Kubadilisha diski hakuiondoi. Ya tatu ni Autopilot ya Microsoft: kampuni huandikisha utambulisho wa mashine, na kila Windows inapowekwa upya ikiwa na intaneti, hujitokeza ukurasa wa kukaribishwa kwenye kampuni ile na kudai barua pepe ya kazini. Mashine iliyoandaliwa na muuzaji bila intaneti itaonekana safi kabisa mpaka siku utakapoiweka upya nyumbani.

Kinga ni kupima kabla ya kulipa. Ingia BIOS uone kama inadai nywila, tazama kwenye sehemu ya usalama kama Absolute imewashwa, kisha mwombe muuzaji aiweke upya Windows mbele yako akiwa ameunganisha intaneti ya simu. Anayekataa kipimo hicho amekupa jibu lako.

Pima kwanza, ndipo ununue kipuri

Kosa linalogharimu wengi ni kununua kipuri kwa kusikia. Kompyuta ni nzito, basi RAM. Inazima, basi betri. Kumbe kuna vipimo vya bure vinavyochukua nusu saa.

Fungua Task Manager ukiwa katikati ya kazi zako za kila siku, si mashine ikiwa tupu. Ikiwa diski iko asilimia 100 na prosesa imepumzika, tatizo ni diski. Ikiwa RAM imejaa na diski inahangaika kuisaidia, tatizo ni RAM. Ikiwa prosesa iko juu na kasi yake imeshuka chini ya kiwango chake cha kawaida, gusa upande wa feni. Huenda ni joto. Kwa betri, andika kwenye dirisha la amri powercfg /batteryreport, nayo itakuandalia ripoti yenye namba mbili za kulinganisha: uwezo iliotoka nao kiwandani na uwezo inaoufikia sasa ikijaa. Betri ya 48,000 iliyobaki na 22,000 imekwisha zaidi ya nusu, hata kama muuzaji alisema inakaa saa tano. Programu ndogo ya bure kama CrystalDiskInfo itakuonyesha afya ya diski na saa ilizofanya kazi.

Fedha ianzie wapi

Ikiwa mashine bado ina diski ya kuzunguka, fedha ya kwanza iende kwenye SSD, na hili halina mjadala. Diski ya kuzunguka husoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde mafaili yakiwa yamepangana, na chini sana ya hapo yakiwa yametawanyika, ambayo ndiyo hali halisi ya Windows. SSD ya SATA hufika 550, na ya NVMe ya kizazi cha 3 hufika 3,500. Hata hivyo, tofauti unayoihisi zaidi ni ya hatua ya kwanza, kutoka diski ya kuzunguka hadi SSD yoyote. Kati ya SATA na NVMe, anayeandika barua na kujaza Excel huona kidogo tu. T480 yenyewe huipa NVMe ya kwenye kasha lake kuu nusu ya njia, hivyo kununua SSD ya gharama kubwa yenye kasi ya 7,000 ni kulipia mwendo usioweza kuutumia.

Mtego wa SSD uko kwenye umbo. Zile za M.2 hufanana: 2280 maana yake ni upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80, lakini ndani yake inaweza kuwa SATA au NVMe, na nafasi inayokubali moja huweza kuikataa nyingine. Mwongozo wa modeli husema. Mtego mwingine ni BitLocker. Mashine za ofisi mara nyingi zina Windows Pro yenye diski iliyofungwa kwa ufunguo, na ukibadilisha vipuri au kusasisha BIOS bila kuisimamisha, itakudai ufunguo wa tarakimu 48. Isimamishe BitLocker au uuhifadhi ufunguo huo kwanza. Kisha nakili mafaili yako kwenye diski ya nje, ndipo uhamishe mfumo mzima kwa programu kama Clonezilla kupitia kasha la USB, au uanze upya na Windows safi. Kuanza upya ni bora kwa mashine ya mtumba, kwa sababu hujui aliyeitayarisha aliweka nini.

RAM inafuata. GB 8 zinatosha kwa kazi moja kwa wakati. Anayefungua kurasa ishirini za intaneti, WhatsApp na jedwali kubwa kwa pamoja anahitaji 16. Mbili za GB 8 ni bora kuliko moja ya GB 16, kwa sababu picha za mashine hizi huchorwa na prosesa kwa kuazima RAM, na njia mbili hupitisha data nyingi kuliko moja. DDR3L, DDR4 na DDR5 haziingiliani. Kila moja ina pengo lake la meno mahali pake, kwa hiyo kinachokataa kuingia kisilazimishwe. Kwa miaka mingi RAM ilikuwa kipuri rahisi, lakini mwishoni mwa 2025 bei ilipanda sana, viwanda vikielekeza uzalishaji kwenye mitambo ya akili mnemba. Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kuachana na biashara ya chapa yake ya Crucial, iliyokuwa ikiwauzia watu wa kawaida RAM na SSD. Matokeo kwa mnunuzi wa mtumba ni ya moja kwa moja: mashine iliyokwishajazwa GB 16 inaweza kuwa nafuu kuliko ile ya GB 8 unayopanga kuiongezea.

Betri ni kipuri chenye udanganyifu mwingi. Maganda mapya huvikwa seli za zamani, na neno "orijino" huandikwa kwenye kila boksi. Ukiinunua, ichaji ijae, uipime kwa ripoti ile ile ya betri ukiwa bado na haki ya kuirudisha. Baadhi ya ThinkPad huikagua betri na kukataa kuichaji isipotambuliwa, jambo linaloudhi lakini wakati mwingine hukuokoa na takataka. T480 ina betri mbili, ya ndani ya Wh 24 na ya nje ya Wh 24, 48 au 72, na ya nje unaweza kuichomoa na kuweka nyingine bila kuzima mashine. Kwa maeneo ambayo umeme hukatika mchana kutwa, betri ya pili mfukoni ni nyongeza kubwa kuliko prosesa yenye kasi. Mashine ikishinda kwenye chaja, weka ukomo wa kuchaji uwe asilimia 80. Lenovo, Dell na HP zote zina mpangilio huo, kwenye programu zao au kwenye BIOS. Lithiamu huchakaa haraka ikikaa imejaa kwenye joto, na joto la Dar es Salaam au Mombasa halina msimu wa kupumzika.

Vumbi halihitaji kipuri, na kulitoa ndiyo kazi yenye faida kubwa kwa gharama ndogo. Feni hufyonza vumbi likajikusanya kati ya mapezi ya bomba la joto mpaka likawa kama blanketi. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi ili isiungue, na mtumiaji husema kompyuta imezeeka. Shikilia feni kwa kidole isizunguke, pulizia hewa au tumia brashi laini, kisha, kama mashine ina miaka mitano na zaidi, toa bomba, futa pesti ya joto iliyokauka kwa spiriti ya isopropili na weka mpya, kiasi cha punje ya mchele. Skrubu za bomba zina namba. Zifuate katika kulegeza na kukaza, kidogo kidogo, ili lisilalie upande mmoja wa chipu.

Kioo na kibodi hubadilishwa kwa sababu ya macho na mikono. T480 nyingi za bei ya chini zilitoka na kioo cha 1366 kwa 768, chenye rangi zilizofifia. Cha IPS cha 1920 kwa 1080 huingia mahali pale pale, mradi uhakikishe kishikizo cha waya kina pini zile zile. Kibodi yake hutoka kwa juu baada ya kulegeza skrubu mbili za chini. Katika modeli nyingi nyembamba, kibodi iko chini ya kila kitu, na kuifikia ni kuivua mashine yote. Hapo ulizia bei ya fundi kwanza.

Chaja na umeme wetu

Chaja hushukiwa mara chache, kumbe ndiyo chanzo cha malalamiko mengi. Chaja za Dell za tundu la duara zina sindano nyembamba katikati inayoitambulisha chaja kwa mashine. Sindano ikipinda au chaja ikiwa ya kuiga, mashine huwaka lakini haichaji betri na prosesa hupunguzwa kasi. Mwenyewe huenda akabadilisha betri, kisha RAM, wakati dawa ilikuwa kubadilisha chaja. Kwa zinazochaji kwa USB-C, angalia wati: chaja ya simu inaweza kuonyesha alama ya kuchaji na bado isitosheleze kazi. T480 ina jambo lake pia: Lenovo ilitoa sasisho muhimu la programu ya tundu la Thunderbolt, na mashine ambayo haikulipata inaweza kuharibikiwa na tundu lake la USB-C. Sasisho hilo ni la bure na liwekwe siku ya kwanza.

Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo huua chaja, na ukipita chaja huua bodi. Soketi yenye kinga ya mshtuko wa umeme ni rahisi kuliko kipuri chochote kilichotajwa hapa.

Pale meza ya nyumbani inapoishia

Kuna kazi ambazo uzoefu wa video hauzitoshelezi. Kulehemu chipu kwenye bodi kuu kunahitaji mashine ya hewa moto, hadubini na mchoro wa bodi. Mashine iliyomwagikiwa chai au maji ya bahari izimwe, betri itolewe na ipelekwe kwa fundi siku hiyo hiyo. Kuianika juani au kuizika kwenye mchele huacha chumvi na sukari ndani zikiendelea kula shaba. Katika mwambao wa pwani, hata bila kumwagikiwa, hewa yenyewe hubeba chumvi, na fundi mzuri ataisafisha bodi kwa spiriti kabla ya kubadilisha chochote.

Betri iliyovimba ni suala la usalama. Dalili zake ni kibao cha mguso kisichobonyezeka au mfuniko uliotanuka. Usiichaji, usiibane, usiitoboe, usiitupe jalalani. Itolewe kwa tahadhari na ipelekwe kwa wanaoshughulikia taka za kielektroniki: Nairobi kuna WEEE Centre, na Rwanda kuna kiwanda cha Enviroserve huko Bugesera. Kwingineko fundi wa mtaani mwenye mawasiliano na wakusanyaji ni bora kuliko shimo la taka.

Na fundi naye apimwe. Anayesema "hii inataka bodi" kabla ya kuifungua anauza bodi. Anayekuonyesha kipimo cha volti na kukueleza sehemu gani imekatika anastahili kulipwa hata kama hakufanikiwa.

Windows 11, au njia nyingine

Windows 11 hudai TPM 2.0 (chipu ya usalama), Secure Boot, RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Microsoft iliongeza muda wa usalama wa Windows 10 kwa watumiaji binafsi hadi tarehe 13 Oktoba 2026 kwa wanaojiandikisha, lakini huo ni muda wa kujipanga tu. Zipo njia za kuilazimisha Windows 11 ikae kwenye kizazi cha 6 au cha 7, na kwa mashine ya kuchezea nyumbani mtu anaweza kujaribu. Kwa mashine inayobeba hesabu za duka au kazi za wateja, kutegemea mfumo ambao mtengenezaji wake hajaahidi kuusasisha ni kujitafutia siku mbaya.

Linux Mint au Ubuntu ni njia ya kweli kwa mashine hizo. ThinkPad na Latitude zimezoeana na Linux kwa miaka mingi, LibreOffice hufungua mafaili mengi ya ofisi, na kivinjari ni kile kile. Kinachokwamisha ni programu mahususi: mfumo wa uhasibu wa ofisi, Photoshop, au kifaa cha kutolea risiti kinachotaka Windows. Ijaribu kutoka kwenye fleshi kabla ya kuifuta Windows, haigharimu kitu.

Hesabu ya mwisho

Chukua bei ya vipuri vyote unavyohitaji, jumlisha kazi ya fundi kama itakuwepo, kisha linganisha na tofauti ya bei kati ya mashine uliyonayo ukiiuza leo na mashine ya kizazi cha 8 au cha 10 iliyokwishajaa vitu hivyo. Mara nyingi SSD na usafishaji hupita mtihani huu kwenye mashine yoyote. RAM na betri hupita kwenye mashine ya kizazi cha 8 kwenda juu. Kioo, kibodi na betri kwa pamoja kwenye mashine ya kizazi cha 6 hazipiti, isipokuwa kama umeshaamua kuhamia Linux na mashine yenyewe unaipenda.

Upande wa pili wa hesabu hauko kwenye risiti. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 ilikadiria kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu zilizoandikwa kuwa zilikusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kila mashine inayoongezewa miaka minne hapa kwetu inachelewesha mgawo wake kwenye lundo hilo. Lakini hoja hiyo haihalalishi kuingiza nchini mashine zisizotengenezeka. Kompyuta yenye RAM iliyolehemewa ya GB 4, prosesa ya kizazi cha 5 na kufuli ya kampuni ni taka iliyosafirishwa ikiwa bado inawaka.

Kwa sababu hiyo nguvu kubwa iko kwa mnunuzi kuliko kwa fundi. Muulize muuzaji mambo matano: kizazi cha prosesa, idadi ya nafasi za RAM, uwezo wa betri uliobaki kwa ripoti, BIOS iliyo wazi bila Absolute, na Windows iliyowekwa upya ikiwa na intaneti. Muagizaji hununua kontena kwa kuangalia kinachotoka haraka dukani. Wateja wakianza kuyauliza hayo matano kwa sauti, na kuondoka wasipojibiwa, kontena lijalo litachaguliwa kwa vigezo hivyo, na bisibisi ya nyumbani itakuwa na kazi ya kufanya.